Robota lililonenepa upande mmoja

Msimu mzima marobota yangu ya boma rhodes, nyasi za malisho, hapa Uasin Gishu, yalitoka yamekaza kushoto na kulegea kulia. Mvua iliponyesha, upande uliolegea uliingia maji ukaoza. Inauma kuona chakula cha ng'ombe kikigeuka mbolea.

Nilibadilisha kamba, nikakaza mikanda ya mashine ya kufunga marobota, wapi! Kumbe kosa lilikuwa kwenye uendeshaji. Safu ya nyasi ilikuwa nyembamba kuliko mdomo wa mashine, nami niliilisha kushoto tu. Sasa naendesha mita kadhaa nikijaza kushoto, kisha mita hizo hizo kulia. Ukiyumbayumba haraka, katikati ndipo hunenepa.

Kulisha vibaya kulikuwa kumeshavuta mikanda pembeni ikalika kingo. Kabla ya kuikagua nilizima trekta, nikatoa ufunguo, nikafunga komeo la mlango wa nyuma wa mashine. Hapo sina mzaha kabisa, mashine hizi hukata mikono. Nikakuta beringi moja ya rola imechemka kuliko zote. Niliibadilisha siku hiyo hiyo, maana beringi iliyokufa huwasha moto kwenye nyasi kavu.

Na sifungi tena nyasi zenye unyevu wa zaidi ya asilimia 18.