Kopi za video yetu zimeshuka YouTube, fanya hivi

Wanangu wa Chuga na Moshi mnaofanya muziki, hii kitu imetutesa sana, leo ndo napumua. Video yetu tuliyoshuti Ngaramtoni kuna chaneli ziliidaunilodi zikaipandisha upya, jina letu limekatwa, watazamaji wote wanaenda kwao na mtu akitafuta wimbo anakutana na ya kwao kwanza.

Tukaandika komenti, tukawafata inboksi, kimya. Masela wakaripoti kwa kile kibendera, wapi.

Kilichofanya kazi ni ombi la hakimiliki lenyewe. Ingia YouTube Studio (ule ukurasa wa kusimamia chaneli yako) kwa kompyuta, nenda sehemu ya hakimiliki, fungua ombi jipya la kuondoa video, weka linki ya video yako orijino halafu linki za kopi zote, zinaingia kwenye ombi moja. Sasa hapa kuwa makini: kwenye sahihi wanataka jina lako kamili la kisheria, lile la kwenye kitambulisho cha NIDA, jina la kisanii halifai. Na kabla hujatuma kuna kiboksi cha kuzuia kopi za video hiyo zisipandishwe tena, kitiki! Hicho ndo kimetuokoa jamani, maana bila hicho unashusha leo kesho wanairudisha.

Mwenye chaneli akipinga, unakuwa na siku 10 za kazi kuonyesha umechukua hatua za kisheria, la sivyo video inaweza kurudi, kwa hiyo imeili icheki kila siku na zile klipu mbichi za kamera usizifute, ndo ushahidi wako kwamba video ni yako.