Baba Aliyenyoosha Mikono kwa Mmoja

Katika The Palace of Illusions, riwaya ya Chitra Banerjee Divakaruni iliyotoka mwaka 2008 na inayosimulia upya Mahabharata, utendi wa kale wa India, kuna tukio ambalo nimelirudia mara nyingi kuliko vita vyote vya kitabu hicho. Mfalme Drupad amewasha moto wa kafara ili apate mwana atakayemuua adui yake Drona. Mwana anatoka motoni kweli, lakini anafuatana na binti ambaye hakuna aliyemwomba. Baba ananyoosha mikono kumpokea wa kiume peke yake, na lau watoto hao wasingeshikana kwa nguvu, yule wa kike asingebebwa. Hata jina lake, Draupadi, maana yake ni binti wa Drupad tu, ilhali kaka yake amepewa jina la mwangamiza maadui.

Katika tendi za kale za India, deni hulipwa na mtoto. Bhishma anaapa kutooa maisha yake yote ili baba yake, Shantanu, amwoe Satyavati; Puru anampa baba yake Yayati ujana, naye akabaki na uzee usio wake, na wote wawili wanasifiwa kwa utii. Waandishi wa leo wanaozisimulia upya wanauliza kile ambacho baba naye anadaiwa, na kwangu swali hilo lina thamani kuliko silaha za miungu zinazopambwa kwenye majalada.

Amish Tripathi, katika Scion of Ikshvaku ya mwaka 2015, anamfanya mfalme Dashrath ashindwe vitani na adui yake Raavan siku ile ile mwanawe Ram anapozaliwa, kisha aibu hiyo amtwike kichanga. Dasharatha (ndiye Dashrath) wa Valmiki, mtunzi wa utendi wa kale wa Ramayana, ni yule anayekufa kwa uchungu baada ya mwanawe kwenda msituni, kwa hiyo naelewa wasomaji wanaokasirika. Hata hivyo, utii wa Ram unaongezeka uzito anapomtii mtu aliyemnyima mapenzi.

Anayenigusa zaidi ni Yuvanashva wa Devdutt Pattanaik, katika The Pregnant King, iliyotoka pia mwaka 2008. Mfalme huyo anakunywa kwa bahati mbaya dawa ya kuwapa wake zake mimba, akaibeba yeye na kumzaa Mandhata. Mahabharata inakipitia kisa hicho upesi, na mtoto ananyonya kidole cha mungu Indra. Pattanaik anabaki na mzazi, mwanamume anayekalia kiti cha enzi kama baba huku akitamani, japo mara moja, mwanawe amwite mama.