Nilivyoacha kununua pakiti za wachezaji

Kubeti niliacha kabisa. Nilifuta programu zote, nikajitoa kwenye kundi la washikaji waliokuwa wakinitumia mikeka. Jioni nikawa natulia nyumbani na mpira wa kwenye simu, nikijua nimepona.

Ndani ya ule mchezo kuna pakiti za wachezaji. Unalipa kwanza, ndipo ujue umepata nani. Ukibonyeza, skrini inaingia giza, mwanga unapasuka, inatoka bendera: Brazili. Kisha nafasi: mshambuliaji. Hapo nimeshainuka kwenye kochi, moyo unadunda. Halafu anatokea mtu wa akiba ambaye tayari ninaye mara nne. Kidole kinarudi kununua nyingine kabla hata hasira haijaisha.

Usiku mmoja mke wangu akaniuliza, "Si ulisema umeacha mikeka?" Nikamjibu huu ni mchezo tu. "Sasa mbona unahema vilevile?"

Sikulala. Asubuhi nilichukua daftari, nikapitia meseji za malipo moja moja. Pakiti ni Sh 2,500, na mwezi ule nilinunua 34. Sh 85,000.

Mchezo wenyewe ulikuwa umeandika, kwa herufi ndogo, kwamba nafasi ya kumpata nyota niliyemtaka ni asilimia 1. Mimi niliamini nikifungua 100 lazima atoke. Sivyo. Kila pakiti inaanza upya, haikumbuki zilizotangulia. Watu 100 wakifungua pakiti 100 kila mmoja, takriban 37 kati yao watatoka mikono mitupu. Na mkeka ukitiki walau unalipwa hela. Huyu mchezaji huwezi kumuuza hata kwa mia.

Ubelgiji, Aprili 2018, tume yao ya michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba makasha ya namna hii yanayolipiwa ni kamari. Kwetu Tanzania aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, lakini mtoto akishika simu ya baba yake anafungua pakiti bila kuulizwa kitu. Linaniuma, kwa sababu wangu alikuwa amekaa pembeni yangu akishangilia bendera.

Nilianza kwa kuondoa kadi ya malipo kwenye simu. Nikaweka sharti la nenosiri kwa kila manunuzi, na nenosiri analo mke wangu. Siku ngumu ilikuwa Ijumaa, ofa mpya inapoingia na saa yake ikihesabu dakika zilizobaki. Nikazima arifa zote, Ijumaa jioni nikawa naenda kucheza chandimu na vijana wa mtaani. Wiki ya tatu niliteleza, nikanunua kwa simu ya mdogo wangu. Niliandika kwenye daftari, nikamwambia mke wangu usiku uleule.

Huu ni mwezi wa saba. Mchezo naucheza bado, na kikosi changu cha kawaida. Pakiti za bure nazo siziguzi: mwezi uliopita nilifungua moja, ikatoka bendera, na moyo ukaruka vilevile.