Siku Mjomba Alipopasua Kiriba

Masika ya 2011 mashimo 28 yalikuwa yakisubiri: robo eka, mita 6 kwa 6, samadi imeshachanganywa na udongo wa juu wiki tatu kabla. Tukaenda kwenye kitalu kimoja nje ya mji wa Muheza kutafuta michungwa 30 ya kubebeshwa (yaani jicho, chipukizi changa la mchungwa, limeunganishwa kwenye shina la mche mwingine), miwili ikiwa ya akiba. Macho yangu yalikimbilia safu ya karibu na lango. Miche ilinifika kifuani, ina maua, na mmoja ulikuwa na chungwa kabisa, bichi, ukubwa wa ndimu.

Mjomba, aliyekuwa akibebesha michungwa tangu sijazaliwa, aliipita safu ile bila kugeuza shingo. Nilipomwonyesha chungwa alisema, "Hilo utalinunua kwa bei ya mti." Jicho likitolewa kwenye mti uliokwisha kuzaa, mche huweza kuchanua ungali kiribani, yaani kwenye mfuko wake wa plastiki wa kitaluni, na tunda likishika hula chakula ambacho kingejenga mizizi. Mche wa hivyo si lazima uwe mbaya, ila tunda ni la kukwanyuliwa siku hiyo hiyo. Lisikupandishie bei.

Alianzia chini. Alishika kiriba kitakoni akakinyanyua, hakikunyanyuka. Alipovuta kwa nguvu kikatoka kwa mlio wa kukatika. "Umesikia, mjomba?" akaniuliza (kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja). Mizizi ilikuwa imetoboa plastiki ikaingia ardhini. Mche kama huo hunawiri kwa kula nje ya kiriba, na ukiung'oa unauacha mdomo wake kitaluni. Safu ya pili akafanya kinyume: alishika shina akalivuta juu taratibu. Udongo unatakiwa kuja pamoja na shina. Mmoja ulichomoka kama mwiko kwenye uji, maana ulikuwa umehamishiwa kiribani siku chache tu nyuma.

Kisha akaomba wembe.

"Mzee wangu, utaniharibia mali," kijana wa kitalu alisema.

"Huu naulipia, mwanangu, hata nikiuacha hapa."

Akapasua kiriba toka juu hadi chini. Mzizi mkuu ulikuwa umejikunja kama ndoana. Hilo hutokea pale mche mchanga unapotolewa kwenye tuta la mbegu na kusukumizwa kwenye kitundu kifupi: ncha inageukia juu na haijinyooshi tena. Mti utaota, utakudanganya miaka miwili mitatu, halafu utadumaa au kulazwa na upepo. Akachukua kijizizi chembamba, akakibana kwa kucha mbili na kuvuta. Ganda likavuka lote, kikabaki kiuzi cheupe. Mzizi mzima hauvuki ganda. Ni mgumu kidogo, ncha nyeupe au njano hafifu, na udongo wake hunukia udongo. Huu ulinuka kama maji ya chombo cha maua.

Safu ile ilikuwa bondeni, na vitundu vya viriba vilikuwa vimezibwa na tope. Akaiacha yote, kwa sababu ukungu wa mizizi husafiri na maji na viriba vile vilikuwa vikinywa dimbwi moja. Alikwenda kwenye safu za mwinuko, akapasua kingine, akatabasamu. Huo alinipa niushike: bonge la udongo halikumomonyoka, na vijizizi vyeupe vilikuwa vimelizunguka kila upande bila kujisokota.

Baada ya hapo ndipo alipopanda juu. Kovu la kubebesha alilitaka liwe sentimita 20 hadi 30 toka udongoni. Likiwa chini zaidi, tope la mvua hulirukia, au mpandaji hulifukia, na shina la mchungwa likigusana na udongo mbichi ni rahisi kuoza na kutoa utomvu. Mitatu ilikuwa bado imefungwa mkanda wa nailoni, na shina limebanwa kiuno kama nyigu. Mti wa hivyo hukatikia hapo. Mmoja ulikuwa na chipukizi nono chini ya kovu. Akapekecha jani lake akaninusisha: limau. Shina la chini lilikuwa la limau, na chipukizi lake hukua haraka kuliko mchungwa wenyewe. Ukililea, utavuna malimau ukishangaa.

Kwenye majani hakuwa na papara. Michirizi ya fedha, kama njia ya konokono, aliisamehe. Ni kiwavi anayetoboa ndani ya jani, na mche huyashinda hayo. Sisimizi wakipanda shina alifuata wanakokwenda, akakuta vidugamba, wadudu wadogo wafyonzaji, upande wa chini wa majani na masizi meusi juu. Huo ukabaki. Viriba vyenye ndago hakutaka hata kuvigusa.

Aliyoikataa kimakosa, naamini, ni mitano yenye majani ya chini yaliyopauka. Mjomba hakutaka njano yoyote. Majani makuukuu yakipauka sawasawa, mara nyingi ni njaa ya naitrojeni: mche umekaa muda mrefu kwenye udongo mchache. Kama mizizi ni myeupe, mimi leo ningeuchukua. Njano ya kuogopa ni ya mabaka yasiyolingana kati ya upande mmoja wa mshipa mkuu wa jani na upande wa pili. Inaweza kuwa dalili ya ugonjwa unaoenezwa na mdudu mfyonzaji, na pia na jicho lililotolewa kwenye mti mgonjwa. Huo hauna dawa.

Tulipata 19. Mashimo tisa tukayaachia vuli. Miche tuliisimamisha kwenye gari, bega kwa bega, tukaifunika makuti, kwani upepo wa barabarani hukausha majani kuliko jua. Ule mzuri uliopasuliwa tuliuviringishia jani la mgomba na kuufunga kwa kamba. Jioni hiyo ulitangulia kupandwa.

Kupakia kulituchukua kama saa nzima. Tulipotoka langoni, ule wenye mzizi wa ndoana, tuliokwisha kuulipia, ulikuwa umetiwa kiriba kipya na kusimamishwa safu ya mbele, jirani na ule wenye chungwa.