Madirisha ya Kiponda: kazi inaanza kwa mwashi

Kazi ya kukarabati madirisha ya ghorofa ya kwanza ya nyumba yetu, mtaa wa Kiponda, Zanzibar, imefika nusu. Madirisha mawili yanayotazama uchochoro yamesharudi mahali pake, la tatu liko kwa fundi seremala, na la nne sijaligusa, kwa kuwa ukuta unaolibeba bado una maji. Hilo la nne ndilo lenye mengi ya kusema, basi nianze nalo.

Nyumba yetu ni ya kawaida ya Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar: kuta za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene zaidi ya nusu meta, na dari za boriti za mikoko. Ukiona vyumba vya huku ni virefu na vyembamba, sababu ni boriti hizo. Urefu wake hauruhusu upana unaozidi sana meta 3. Ukuta wa namna hii hunywa maji ya mvua na kuyatoa jua likiwaka. Ndivyo ulivyojengwa, na ndivyo ulivyodumu.

Miaka ya nyuma kuna fundi aliitwa kuziba nyufa, akaupiga ukuta wote wa nje lipu ya saruji hadi ukingoni mwa fremu. Saruji haiachii unyevu kutoka. Maji yanaingia kwenye vijiufa, yanakwama nyuma ya lipu, yanashuka, na pa kwanza yanapopata njia ni kwenye mbao ya dirisha. Miimo, yaani mbao za wima za fremu, ya mvule iliyokwishavumilia masika kabla babu yangu hajazaliwa imeoza upande mmoja tu, ule wa nyuma, uliogusana na saruji. Uso unaotazama barabara ni mzima kabisa. Nikiitazama roho inaniuma, maana uzee haukuwa na kosa lolote hapa.

Kwa hiyo tumebandua saruji yote kwa nyundo ndogo na patasi, taratibu, kwa kuwa ukiipiga kwa nguvu inaondoka na jiwe. Nyuma yake chumvi nyeupe ilikuwa imetanda. Chumvi hiyo inapokauka huota ndani ya vitundu vya jiwe na kulimega kidogo kidogo. Tuliisugua kwa brashi kavu. Ukiiosha, unairudisha ndani.

Chokaa tuliyonunua ni ya matumbawe, imechomwa kwa magogo ya minazi. Ilipozimwa kwa maji ilitokota na kufuka moshi, na hapo mtu husimama mbali na kulinda macho. Imekaa chini ya maji tangu kabla ya masika, sasa imelainika kama samli. Tunachanganya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga si wa pwani. Mashimo makubwa tumeyatomea kwa vijiwe kwanza, kisha lipu kwa matabaka membamba. Chokaa haigandi kwa kukauka tu: inavuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, kama ilivyokuwa kabla ya kuingia tanuuni. Jambo hilo linakwenda polepole na linataka unyevunyevu. Jua la mchana likiipata ikiwa mbichi, inapasuka na kubaki unga. Tumetundika magunia yaliyoloweshwa, na shangazi anayekaa ghorofa ya juu ameshika zamu ya kuyanyunyizia maji asubuhi na alasiri. "Niachie mimi hii, mwanangu," aliniambia, "nyie mtasahau." Hajasahau hata mara moja.

Kuhusu seremala. Kila dirisha lina mabawa mawili, yenye vibao vya ulalo vinavyofunguka kwa kijiti cha wima, na nyuma yake nondo za chuma zilizopita ndani ya mbao. Nondo zikila kutu zinavimba na kuipasua mbao, kwa hiyo tumezitoa, tumezisugua na kuzipaka rangi kabla ya kuzirudisha. Fundi hugonga miimo kwa mpini wa patasi na kusikiliza: "Hapa nzima. Hapa nzima. Hapa ndipo." Anakata pale penye uozo mpaka afike mbao ngumu, kisha anaunga kipande cha mvule kwa mshazari, na ulimi unaingia tunduni bila msumari wa chuma. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo tunaikwangua ikiwa imelowa, tumevaa barakoa, na watoto hawapiti karibu.

Nimeshauriwa zaidi ya mara moja niweke alumini. Siwezi. Vibao vile vinaingiza upepo wa kusi na kuzuia jua na macho ya wapita njia kwa pamoja, na vikivunjika unabadilisha kibao kimoja, si dirisha zima. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, lakini hata usingekuwamo ningefanya hivi hivi.

Kwa vioo vya rangi vya juu ya dirisha la tatu, nilikwenda kutazama Zahanati ya Zamani pale Mizingani, jengo lililoanzwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan na kukarabatiwa miaka ya 1990. Nilichora jinsi vioo vinavyokaa kwenye mbao zake. Vyetu viwili vimepotea. Nafasi zao nitaziwekea vioo vyeupe kwa sasa.

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, majirani hawadharau ufa. Juu ya dirisha la nne upo mmoja, umepanda hadi darini. Tumebandika kipande cha kioo chembamba juu yake; ukuta ukisogea, kioo kitakatika. Mpaka leo ni kizima.

Tatizo lililobaki liko juu ya fremu hiyo hiyo. Kizingiti cha juu ni boriti tatu, na ya ndani imeliwa na mchwa. Itabidi tuegemeze ukuta kwa nguzo kabla ya kuitoa. Boriti ya kuiziba nafasi yake tumeipata kwenye nyumba iliyobomolewa, kavu na nzito. Chokaa ya pembeni ikishika vizuri, mwashi na seremala watakuja pamoja, siku hiyo hiyo.