Mshipi Uliochaguliwa kwa Simu

Fimbo ya kuvulia samaki niliipata bure. Mshipi wake, yaani uzi wa kuvulia, ndio ulionihangaisha. Mwaka 2009 nilikuwa dereva wa watalii Arusha, na mgeni mmoja niliyemzungusha Tarangire na Ngorongoro aliniachia fimbo yake siku ya kuagana. Ilikuwa fimbo ya kuvulia kwa nzi wa bandia, pamoja na rili tupu, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, na kijikasha cha nzi hao, ndoano ndogo zilizovishwa manyoya na nyuzi. Mshipi wenyewe alikuwa ameutupa kwa sababu ulishapasukapasuka. Juu kidogo ya mpini palikuwa na maandishi madogo: futi 9, namba 6.

Mimi ni mtu wa Tengeru, nimekulia karibu na Ziwa Duluti, na tangu utoto nimevua perege kwa ufito, nailoni na mnyoo. Hii ilikuwa kazi nyingine kabisa. Katika uvuvi niliouzoea, chubwi ndilo linaloivuta nailoni mpaka mbali. Nzi wa bandia hana uzito wa maana, ukimrusha kwa mkono anaangukia miguuni pako. Kinachomfikisha majini ni mshipi wenyewe, mnene, uliovikwa plastiki, unaokunjuka hewani fimbo inapokwenda nyuma na kurudi mbele. Kwa hiyo anayenunua mshipi huu ananunua uzito, na uzito huo lazima ukubaliane na fimbo. Ndiyo maana ya ile namba 6. Mita 9 za mwanzo za mshipi wa namba hiyo zina uzito wa gramu 10 na kidogo. Ukiweka mwepesi sana fimbo haipindi, ukiweka mzito sana inalemewa.

Hayo nilielezwa na mgeni wangu njiani. Hakunieleza kwamba ndani ya namba 6 kuna mishipi ya kila aina.

Arusha mjini nilizunguka sikupata. Nairobi ipo, kwa sababu Kenya watu wanavua trauti, samaki wa maji ya baridi, katika mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya, na wapo wanaoishi kwa kufunga nzi wa bandia wanaouzwa mpaka Ulaya na Marekani. Mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anafanya kazi huko. Akakubali kupita dukani Jumamosi, kisha aupakie mshipi kwenye basi dogo linalokuja Arusha kupitia Namanga.

Jumamosi hiyo sikutaka kukaa peke yangu na simu. Nilikwenda kwa mzee jirani, ambaye mtaa mzima tulimwita Babu. Ujana wake alifanya kazi kwa walowezi wa kahawa, na likizo zikifika walimchukua kubeba vyombo vyao kwenda kwenye vijito vya baridi vya Kilimanjaro, ambako trauti walipandikizwa enzi za ukoloni. Sijawahi kukutana na Mtanzania mwingine aliyeijua mishipi hiyo kwa mikono yake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nione hiyo fimbo."

Aliikunja taratibu, akasikiliza viungo vyake, akaniambia habari za mishipi ya hariri. Jioni waliufungua mshipi wote kutoka kwenye rili na kuuzungusha kwenye nguzo za baraza ukauke. Asubuhi waliupaka mafuta ili uelee. Ukilala na maji unaoza, na bwana mwenye mshipi hanyamazi. Babu alikumbuka hata herufi za kwenye boksi: H-C-H. Hakuwahi kuambiwa maana yake, ila alizikariri, kwa kuwa yeye ndiye aliyetumwa kuchukua boksi.

Simu ikaita. Nikaiweka kwenye spika, juu ya benchi kati yetu.

"Kaka, shikamoo. Niko dukani. Hapa kuna maboksi mengi, yote yana herufi. Nikusomee?"

Akasoma. WF6S. WF6F. DT6F. Namba nilizielewa, herufi hapana, nikaomba aongee muuzaji. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na nilimpenda tangu sentensi ya kwanza, kwa sababu kabla ya kutaja bei aliuliza, "Unavua wapi, ndugu?"

Nikamwambia Duluti, ziwa la kreta, samaki ni perege.

"Ziwa? Basi wengi wangekushauri huu wa S, unaozama. Samaki wa ziwani wanakaa chini."

Babu alitikisa kichwa. Alisogea karibu na simu, akamwambia kwamba perege wa Duluti asubuhi wako pembeni, kwenye maji ya magoti, wanachokonoa majani. Tena mtu anayejifunza anahitaji kuuona mshipi wake. Ukizama haujui ulipo, na huwezi kuunyanyua urushe tena mpaka uwe umeuvuta karibu wote. Muuzaji akakubali papo hapo. Wa kuelea, F.

Ikabaki WF na DT, na hapa ndipo tulipomaliza vocha mbili za dada wa watu. Muuzaji alieleza vizuri. WF uzito wake umerundikwa mbele, nyuma ni mwembamba, hivyo unateleza kwenye pete za fimbo na kwenda mbali, hata upepo ukiwapo. Ndio anaowauzia wanaoanza. DT mnene katikati na umekonda ncha zote mbili.

"Una H-C-H?" Babu akauliza ghafla.

Upande wa pili kimya kidogo, kisha muuzaji akasema hajasikia mtu akitaja hiyo kwa miaka mingi. Zile herufi, alisema, zilipima unene: H ncha nyembamba, C tumbo. Ilifaa wakati mishipi yote ni hariri. Ilipokuja ya plastiki miaka ya 1950, mishipi miwili ya unene mmoja ikawa na uzito tofauti, fimbo zikachanganyikiwa, ndipo Wamarekani wakaamua kupima uzito badala ya unene. "Ya leo inayokaribiana na HCH, mzee, ni DT6."

Babu alinigeukia. Uso wake siwezi kuueleza sawasawa. Zaidi ya nusu karne alikuwa amebeba herufi tatu bila mtu wa kumfafanulia.

Hata hivyo sikuchagua DT kwa ajili ya kumfurahisha. Nilimuuliza muuzaji swali moja: kwa mtu anayerusha mita 10 tu, tofauti iko wapi? Akajibu kwa uaminifu kwamba hapo karibu hakuna, mbele yote miwili imekonda kwa namna inayofanana. Faida ya WF inaanza mbali zaidi. Na Duluti miti imefika majini, nyuma yako huna nafasi ya kurusha. Inabidi uviringishe mshipi juu ya maji bila kuupeleka nyuma, na kwa urushaji huo tumbo nene la DT linausukuma vizuri. Kisha ncha moja ikichakaa unaugeuza, unaanza na nyingine. Kwa mshahara wa dereva hilo lilikuwa na uzito wake. DT hujaza rili, ni kweli, na uzi wa akiba nyuma yake unabaki mfupi. Lakini perege hamkimbizi mtu mita 50.

Naamini mpaka leo kwamba anayeanza huelekezwa mno kwenye umbali. Samaki wangu wako karibu.

Rangi ilichukua dakika moja. Dada aliona wa kijani ndio utakaojificha. Nikachukua wa chungwa, kwa sababu mbele ya mshipi hufungwa nailoni nyembamba isiyoonekana, karibu mita 3, na samaki anakutana na hiyo kwanza.

Mzigo ulifika Jumatatu jioni. Babu alisisitiza tuunyooshe kabla ya chochote, maana plastiki iliyokaa boksini hushika mikunjo. Tukauvuta kati yetu uani, kipande baada ya kipande, kuku wakitupisha. Wiki iliyofuata tulilipa getini tukashuka ziwani. Mara za mwanzo mshipi ulijirundika mbele yangu. Babu alisema, "Polepole. Mkono ukifika sikioni simama, halafu sukuma." Nikasimama, nikasukuma, ule wa chungwa ukajikunjua juu ya maji mpaka kwenye majani, na kabla ya saa 4 asubuhi perege mmoja wa ukubwa wa kiganja alikuwa amemmeza nzi.

Tulipopanda kurudi Babu alinionya nisiuburuze mchangani na niufute kwa maji ya sabuni kila nikitoka. Nilifanya hivyo kwa miaka, mpaka ncha ya kwanza ilipoanza kupasuka. Nikaufungua wote kwenye rili, nikaugeuza, na ncha ya pili ndiyo ninayoitumia sasa.