Kabla ya kununua tyubu nyingine, nenda ukakwanguliwe ngozi

Jamani hili la fangasi wa ngozi nalisemaga kila siku maabara, leo nimeamua niliandike kabisa. Mtu anawashwa mapajani au kiunoni, anapita duka la dawa anauziwa ile tyubu ya mchanganyiko yenye klotrimazoli, gentamisini na betamethasoni humo humo, anapaka siku chache muwasho unakata, anaacha, baada ya muda fangasi wanarudi na safari hii wametanda mpaka mgongoni. Betamethasoni ni steroidi, inatuliza wekundu na muwasho kwa kushusha kinga ya ngozi pale pale, fangasi wao wanaendelea kujitanua, na ile alama yao ya duara kwenye ngozi inavurugika kiasi kwamba hata daktari anaweza kudhani ni pumu ya ngozi.

Na kipimo chenyewe wala si kikubwa! Tunakwangua magamba pembeni pale kidonda kinapotanukia, sio katikati, tunaweka kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksaidi, seli za ngozi zinayeyuka na nyuzi za fangasi zinabaki zinaonekana kwenye hadubini, siku hiyo hiyo una jibu. Ila hapo tunajua tu kwamba fangasi wapo. Kujua ni yupi inabidi kuotesha, na hawa wa ngozi wanaota taratibu, wiki mbili mpaka nne.

Watu wanauliza jina la nini sasa, si fangasi ni fangasi tu? Hapana aisee. Dawa ya nistatini inaua kandida, wale fangasi wa utando mweupe mdomoni, lakini kwa fangasi wa choa, hawa wa duara, haifanyi kitu. Mtoto mwenye mapunye akiwa na fangasi wa kundi la Trichophyton, dawa ya terbinafini inamfaa zaidi, akiwa na wa kundi la Microsporum, griseofulvini ndo inafanya vizuri, na yote hayo ni ya kumeza maana krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele.

Kinachonitia hofu zaidi ni huyu Trichophyton indotineae, amepewa jina 2020, ameenea sana India na krimu hizi hizi za steroidi zinatajwa kuchangia. Wengi wao terbinafini haiwagusi tena, kimeng'enya cha fangasi ambacho dawa inakishika kimebadilika umbo. 2023 Marekani walitangaza wagonjwa wao wa kwanza wawili, New York, na mmoja hakuwa amesafiri nje siku za karibuni. Wagonjwa kama hao mara nyingi wanatibiwa kwa itrakonazoli. Kumjua kwa uhakika inabidi kusoma vinasaba, na kujua dawa gani inamuweza unamuotesha kwenye dawa iliyopunguzwa nguvu nusu kwa nusu uone ni kiwango gani kinamzuia asiote, kazi ambayo maabara nyingi za huku hazifanyi na kwa kweli inaniuma, kwa sababu bila hicho kipimo tutamkuta mtaani akiwa ameshaenea.

Sasa ukija kukwanguliwa, krimu za fangasi ziache kama wiki mbili kabla, siku hiyo usipake mafuta, na njoo na tyubu zote ulizotumia hata zilizoisha. Mtoto wa mapunye msimnyoe kwanza, vile vinywele vilivyokatikia juu ya ngozi ndo tunavitafuta.